Maoni ya Wasomaji wa Nakala Moja

Nakala ni moja tu. Jalada lilikwisha ng'oka,
nikalishona kwa uzi wa viatu na sindano ya gunia.
Mia tano kwa wiki, hapa hapa Kiborloni,
kati ya mitumba ya suruali na fundi redio,
na anayerudisha hanirudishii hivi hivi:
lazima aniachie neno.

Aikande, muuguzi wa zamu ya usiku, alisema:
"Nimehesabu. Mkuki ubavuni, ukurasa wa arobaini.
Shoka begani, mshale pajani, meno ya joka shingoni.
Huyu Bwana Fedrani angekufa kabla ya sura ya tano,
tena si kwa jeraha, kwa pepopunda."
Lakini alikichukua wiki ya pili,
akalipa kabla sijamdai.

Mzee Kundaeli, aliyefundisha hesabu hadi akastaafu,
akiudhika hasemi nathari. Alichomeka karatasi:

*Shujaa kavaa chuma, hadi kope za machoni,*
*Farasi naye ni chuma, wala hali majanini,*
*Mwandishi hakuyapima, mambo yake mizanini,*
*Haja ndogo ikiuma, hufungua saa gani?*

Ndeshi wa darasa la sita alimlilia joka.
"Alikuwa amelala kwao," alisema,
"mlimani kwao, kwenye barafu yao.
Nani alimwita huyo na upanga wake?"
Akatazama juu, nami nikatazama,
lakini Kibo ilikuwa imejifunika, kama kawaida yake ya saa sita,
haikutaka kutoa ushahidi.

Mama Nakijwa alikirudisha na doa la mtori
katikati ya karamu ya mfalme.
Nikamuuliza maoni.
"Hayo hapo," akaonyesha doa.

Kisha akaja Mbonea.
Mbonea ni mpagazi. Amepanda mlima mara mia na ushei,
kichwani begi la mgeni, mgongoni lake,
na katika picha za kileleni hayumo hata moja.
Alikaa nacho wiki tatu. Alilipa faini, hakusema kitu.
Usiku nikakifungua kwa tochi ya simu.
Kila palipoandikwa mtumishi akambebea ngao,
mtumishi akawasha moto,
mtumishi akabaki chini na farasi,
neno limekatwa kwa penseli,
na juu yake, kwa herufi ndogo
za mtu aliyezoea kusaini fomu vidole vimekufa ganzi:
Eliapenda.
Mara sitini na moja.

Nilimuuliza Eliapenda ni nani.
Akaniuliza bei ya soksi za sufu kwa jirani.

Tangu hapo maoni yameharibika.
Hakuna anayenitajia tena Fedrani.
Aikande anataka kujua, huyo kijana
alipovuka theluji alivaa nini miguuni?
Mzee Kundaeli anasema jina ni zuri,
ila lina mizani mitano, litamsumbua kwenye ubeti.
Mtu mmoja, sijui nani, alilifuta kwa ufutio
kutoka ukurasa wa tisini hadi mia na thelathini,
akaandika pembeni: Heshimuni kitabu cha watu.
Wiki iliyofuata lilikuwa limerudi, kwa wino wa bluu,
mwandiko wa mtoto wa shule, mkia wa "p" umepinda.

Sura ya mwisho shujaa anashuka na kichwa cha joka,
kengele zinalia, anakatiwa nusu ya ufalme.
Mtumishi hatajwi. Hakuna hata neno la kukata.
Hapo Mbonea hakuwa na pa kuandika,
akaacha alama ya dole gumba, nyeusi ya masizi,
kwenye nafasi nyeupe chini ya "Mwisho".

Mimi? Mnaniuliza mimi?
Mimi nakodisha tu.
Nimepandisha bei, sasa ni mia saba.
Penseli ni bure.